Kitambaa Kimerudi

"Sindano, niletee mkasi."

Mkasi wenyewe ulikuwa juu ya meza, na meza ilikuwa mbele ya pua yake. Angeegemea kidogo tu angeugusa. Lakini babu yangu hakuwa mtu wa kuegemea, alikuwa mtu wa kuita. Nikitoka shule, kabla sijavua viatu, nilikuwa nimeshaleta mkasi, chaki, uzi mweusi, uzi mweupe, miwani na maji ya kunyunyizia nguo za kupigwa pasi. Kisha nililetewa malalamiko kwamba maji si baridi, maana alikuwa ameshayanywa.

Babu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi ndicho cha mbele katika nyumba yetu, na mlango wake unatazama barabara. Vyumba vya nyuma tunaishi sisi: yeye, mama yangu ambaye ni binti yake, na mimi. Jina la Sindano alinipa yeye, eti kwa sababu mimi ni mwembamba na nachoma. Sikatai. Ukiishi na babu yangu usipojifunza kuchoma utatumwa mpaka usiku uingie.

Kwa kushona suruali hana mpinzani mtaani kwetu. Alianza akiwa kijana, na cherehani yake ni ile ile ya kukanyaga kwa miguu. Lakini kadiri umri ulivyosogea, ndivyo alivyozidi kukipenda kiti. Chumba kizima alikipanga ili asiinuke. Nyuzi zilining'inia karibu na sikio lake. Vitu vya mbali alivivuta kwa fimbo aliyoipigilia msumari uliopinda, na kwa fimbo hiyo aliweza kuangua shati kwenye kamba ya ukuta wa pili bila kunyanyua kisigino. Na kitu ambacho fimbo haikukifikia, kilifikiwa na Sindano.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ufundi, maana bila hilo hamtauelewa ugomvi wetu. Nguo mpya ikifuliwa, mara nyingine hupungua, na mafundi husema kitambaa kimerudi. Ni neno la kweli kabisa. Ila babu alilitumia pia kama adabu. Mteja akija na suruali isiyofunga kifungo, babu hakumwambia amenenepa. Aliigeuza suruali, akaipapasa kiunoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kitambaa kimerudi, ndugu yangu," alisema. "Vitambaa vya siku hizi si vya kuaminika."

Kisha alifumua mshono wa nyuma, akatoa kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani, na mteja akaondoka na kiuno kipana na moyo mweupe.

Aliyerudiwa na vitambaa kuliko wote alikuwa rafiki yake tuliyemwita Bwana Posta. Miaka yote ya kazi yake aligawa barua kwa miguu, mtaa hadi mtaa. Alipostaafu aliamua kukaa, na alikaa kama mtu anayelipiza kisasi. Mahali pake palikuwa benchi la mlangoni petu. Siku moja nilimuuliza babu mbele yake kwa nini vitambaa hurudi kiunoni tu, na miguu ya suruali inabaki ndefu vile vile. Bwana Posta alikohoa. Babu akanituma uzi ambao hakuuhitaji. Baadaye aliniambia kwamba mteja ukimwambia ukweli, atakwenda kwa fundi mwingine akadanganywe vizuri zaidi.

Nilicheka. Sikujua kwamba mtu akiuuza uongo kila siku, mwishowe huanza kuununua mwenyewe.

Goti lake la kulia lilianza kuvimba. Akikanyaga cherehani aliuma meno, na akipanda ngazi ndogo ya mlangoni alihema kama aliyebeba gunia. Mama alimsihi aende hospitali. Babu akasema ni baridi imeingia gotini. Siku hiyo jua lilikuwa la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mama alimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na babu akajibu kwamba goti si maradhi, goti ni kiungo. Nani ataweza kubishana na mtu wa namna hiyo?

Mama hakubishana. Alileta gari mpaka mlangoni, tukampandisha.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya upole na maneno yasiyo na upole. Alimpima presha, akakunja uso. Alimminya goti. Kisha akamwambia ainuke kitini bila kushika kitu. Babu alijaribu, akarudi chini. Alijaribu tena, akashika meza ya daktari mpaka kalamu zikadondoka.

"Mzee wangu," daktari alisema, "goti hili limebebeshwa mzigo kupita nguvu zake, na misuli ya miguu iliyopaswa kulisaidia imelala usingizi. Meza dawa za presha, punguza uzito, tembea kila siku. Ukiendelea hivi, hiyo cherehani utaiaga."

Mama aliuliza kama hatuwezi kuifunga mota ili babu asikanyage. Daktari alisema mota itazungusha gurudumu vizuri tu, lakini haitamwinua kitini.

Tulipofika nyumbani babu aliweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani na kukiacha hapo. Niliogopa. Mwaka huo alikuwa ameniahidi kunifundisha kukata suruali. Kushona, husema yeye, ni kufuata mstari tu. Ufundi uko kwenye kukata. Na mama alikuwa amesema waziwazi kwamba goti likikataa, chumba cha mbele kitafungwa. Babu alijibu kwamba siku kikifungwa, afungiwe ndani na yeye. Basi tukakubaliana atapungua.

Mama alitaka awe anapimwa uzito kila wiki. Babu akakataa katakata. Mizani, alisema, ni ya viazi. Yeye ni fundi, atajipima kwa suruali. Akachagua suruali yake ya kahawia, iliyombana mpaka kifungo kikawa kinaomba msaada. Kila Ijumaa ataivaa, na mimi nitapitisha vidole kiunoni kuona imelegea kiasi gani.

"Suruali haidanganyi," alisema.

Wiki ya kwanza kidole hakikupita. Baadaye kimoja kikapita, kisha viwili. Mama alifurahi mno. Yeye hufanya kazi kiwanda cha mikate, na alimtangazia kila mtu kule kwamba baba yake amepungua. Babu naye akawa anapokea sifa kwa kunyenyekea, mkono kifuani. Alisema hutembea ninapokuwa shuleni, mpaka posta na kurudi.

Mimi nilikuwa sielewi. Kiti kililia vile vile anapokikalia. Ngazi ilimtoa jasho vile vile. Na zile keki zilizovunjika ambazo mama huruhusiwa kuja nazo kutoka kiwandani, ziliendelea kuisha nisijue zinakwenda wapi. Nilipouliza, Bwana Posta alitazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamwita.

Ijumaa moja nilipewa suruali ile niipige pasi. Nikaigeuza nyuma, nikaona mstari. Sehemu yote ya suruali ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni, lakini katikati ya kiuno, nyuma, kulikuwa na utepe mwembamba wa rangi iliyokolea kama siku ilipotoka dukani. Mjukuu wa fundi haelezwi maana yake. Kile ni kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani ya mshono, hakijaona jua. Nikaigeuza ndani. Akiba yote ilikuwa imekwisha, na palipokwisha akiba pameshonewa kipande cha pembetatu cha kitambaa kingine, kinachokaribia rangi lakini si chenyewe. Ilikuwa kazi safi sana, lazima niseme. Hasira zilinipanda mpaka nikasahau pasi, na kitambaa cha meza kikaanza kunuka.

Niliibeba suruali nikaiweka mbele yake. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini.

"Babu, hii suruali imepanuliwa."

Babu aliitazama suruali. Naapa alinyoosha mkono akaipapasa kiunoni, kwa mazoea tu, na mdomo ukasema wenyewe:

"Kitambaa kimerudi."

"Kimerudi kwa kupanuka?" niliuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya babu iliishia pale pale, kati ya mkasi na chaki. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuweka mkoba chini. Nilitaka agombe. Nilikuwa nimejiandaa kumsaidia kugomba. Badala yake machozi yakamtoka, akasema polepole kwamba kazini wote wanajua baba yake anapona.

"Sikutaka kukudanganya wewe, mwanangu," babu alisema. "Nilikuwa nataka kuona kiuno kimelegea. Nikaona, nikafurahi. Siku ya pili nikasahau kwamba nimekilegeza mwenyewe."

Hayo maneno yalimlainisha mama. Mimi hayakunilainisha hata kidogo. Niliamua kwamba mzee huyu amepata ubembelezi wa kutosha, na sasa atapata askari.

Nikawa askari. Keki nilizigawa kwa wanafunzi wenzangu kabla hazijafika mezani. Sukari niliificha. Sahani yake niliipunguza, nikaona haitoshi, nikaipunguza tena. Chakula cha jioni nilikifuta kabisa, maana mama alikuwa amehamishiwa zamu ya mchana hadi usiku na mkuu wa nyumba nilikuwa mimi. Babu hakubisha. Hilo peke yake lingenishtua, kwa sababu mtu mbishi akiacha kubisha kuna kitu kimevunjika. Lakini nilikuwa na shughuli nyingi za kushinda. Kutembea sikumlazimisha sana; kulinipotezea muda, na njaa niliona inafanya kazi haraka zaidi. Mkasi niliendelea kumletea ili asinicheleweshe.

Na kweli alipungua. Nilikifumua kile kipande cha pembetatu, nikakipachika kwenye msumari ukutani, nikaushona mshono mahali pake pa zamani, na vidole vikapita. Mashavu yake yalilegea. Watu waliopita walianza kuuliza, "Fundi, mbona umekonda, unaumwa?" Nilichukia. Watu hawa walipomwona ananenepa walimwambia amenawiri, na sasa anapona wanamwambia anaumwa. Nilimwambia asiwasikilize.

Alasiri moja nilikuwa nyuma nafua soksi. Nilisikia kishindo, kisha Bwana Posta akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Babu alikuwa ameketi sakafuni kati ya meza na cherehani, juu ya vipande vya kitambaa, uso umelowa jasho. Alikuwa ameinuka kutafuta chaki iliyoanguka, kichwa kikazunguka, na miguu haikumshika. Tulimnyanyua kwa shida. Alikuwa mwepesi zaidi kuliko zamani, lakini miguu yake ilitetemeka kama ya meza iliyolegea misumari. Akanishika mkono na kuniambia nisilie. Sikuwa nalia, nilikuwa nimekasirika, ingawa machozi nayo yalikuwepo.

Mama alitukuta hospitali akiwa na unga kwenye nyusi. Daktari alimpima babu presha akiwa amelala, halafu akiwa amekaa, kisha akauliza mgonjwa amekula nini tangu jana. Nilijibu mimi, tena kwa fahari, nikidhani nitasifiwa: chai kavu asubuhi, kipande cha mkate mchana, na jioni hakuna, kwa sababu tunapunguza uzito.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Na dawa za presha amemeza?"

"Amemeza. Zile sikumnyima."

"Kumbe kuna daktari mwenzangu hapa," alisema. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu, na sauti yake ikawa ya upole wa kweli. "Binti, umefanya kwa kupenda, najua. Lakini mwili wa mzee ukinyimwa chakula, hauli mafuta peke yake. Unakula na nyama ya mapaja. Umempunguza babu, na miguu yake umeipunguza pia. Sasa atainukaje?"

Babu, aliyelala na macho yamefumbwa, alisema kutoka kitandani kwake kwamba mjukuu wake amekata kabla ya kupima. Mama alicheka bila kupenda. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Daktari hakumpa babu masharti ya ajabu. Ale asubuhi, mchana na jioni, asiruke mlo hata mmoja. Maharage, mayai, samaki na mboga viwe vingi sahanini. Sukari, keki na mafuta ya kukaangia ndivyo vipungue. Atembee kila siku, polepole, kisha mbali zaidi. Na kila asubuhi na jioni akae kitini na kuinuka, akae na kuinuka, bila kushika meza akiweza. Akasema mzee hahitaji kukonda kama kijana. Anahitaji uzito ambao miguu yake inaweza kuubeba, na miguu inayoweza kuubeba uzito huo. Kisha akaniuliza swali moja: nyumbani, babu akitaka kitu, nani hukileta?

Nilijua amenikamata.

Jumamosi tulikipindua chumba cha kazi. Ilikuwa amri yangu, lakini safari hii nilimwomba babu ruhusa, na yeye ndiye aliyeonyesha kila kitu kiende wapi. Mkasi ulihamia kwenye msumari wa ukuta wa mbali, karibu na kile kipande cha pembetatu. Chaki ilikwenda dirishani. Nyuzi zilipanda rafu ya juu, na maji ya pasi yakabaki nyuma, kwenye ndoo. Ile fimbo ya msumari tuling'oa msumari wake, tukaifanya fimbo ya kutembelea. Babu aliutazama ukitolewa kama anayemuaga rafiki wa zamani.

Kazi ngumu ilikuwa yangu. Nilitakiwa nisimletee kitu. Mnadhani ni rahisi? Anaita, "Sindano, chaki," na mimi nimekaa na kitabu mapajani, nasikia kiti kikilia, nasikia anahema, nasikia kimya, na chaki ninaiona kabisa. Mara kadhaa nilikuwa nimeshainuka, ikabidi nikae tena. Yeye alinung'unika kwamba nimekuwa na roho ya jiwe. Mimi nilinung'unika kwamba anachukua mwaka mzima kufika dirishani. Tulikasirishana kila siku, na kila siku alifika dirishani.

Kutembea nako kulikuwa na kesi yake. Babu alisema hatembei peke yake kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nikasema basi nitakwenda naye. Siku ya kwanza tulifika nguzo ya umeme ya pili tukarudi, na nguzo ile naiona hata nikisimama mlangoni. Nilirudi nimenuna. Ndipo Bwana Posta, aliyekuwa akituangalia kutoka kwenye benchi, alipoinuka, akavuta suruali yake juu na kusema kwamba hivyo sivyo watu wanavyotembea. Kutembea kunahitaji mahali pa kufika.

Kesho yake alituongoza kwenye njia yake ya barua ya zamani. Alijua kila mlango. Hapa alileta habari njema ya kijana aliyepata kazi, pale mbwa alimng'ata, na kwenye geti moja la kijani, huko mwisho wa njia, mama mmoja alimsubiri kila asubuhi hata asipokuwa na barua yake. Kila hadithi ilikuwa mbele kidogo ya ile iliyopita, na babu akitaka kuisikia ilibidi aongeze hatua. Alihema, alilalamika, alisema Posta anatunga, lakini alitaka kujua yule mama wa geti la kijani aliishia wapi. Tulimpata wiki nyingi baadaye, mwisho wa njia, akiwa bado hai na bado yuko getini. Sikuwa nimetarajia kufurahi hivyo.

Haikuwa haraka. Kuna siku babu alikataa kutoka, kuna siku mama alisahau akaja na keki, kuna siku nilimwambia maneno ambayo mjukuu hapaswi kumwambia babu, nikamwomba radhi. Lakini jioni moja aliinuka kitini huku akibishana na mteja, mikono yote miwili ikiwa hewani, wala hakugundua. Mimi niligundua. Niliinamia daftari langu, nisije nikaharibu.

Tuliporudi hospitali, daktari alimwambia ainuke, akainuka. Goti lilikuwa limepungua uvimbe, presha imetulia. Alimruhusu cherehani yake, kwa sharti kwamba kila akimaliza nguo moja atembee kidogo kabla hajaanza nyingine.

Wiki iliyofuata nilikuwa nyuma nafanya hesabu nilizopewa shuleni.

"Sindano," sauti iliita kutoka chumba cha mbele. "Mkasi."

Nilichoka ghafla. Baada ya yote yale! Nilitoka na maneno tayari mdomoni: mkasi uko msumarini, miguu anayo, na mimi nina hesabu. Nikamkuta amesimama wima katikati ya chumba, mkasi mkononi mwake.

"Sikusema niletee," alisema. "Nimekuita ukate."

Juu ya meza ilikuwa ile suruali ya kahawia, imefumuliwa kiuno. Akaniambia nimpime. Nilimzungushia utepe wa kupimia, naye akasimama bila kubana pumzi, mikono pembeni. Bwana Posta alikuja mlangoni, suruali yake mwenyewe imefungwa kwa mkanda uliofika tundu la mwisho, akachungulia.

"Vipi, fundi," alimtania, "kitambaa kimerudi?"

Babu aliangua kile kipande cha pembetatu ukutani, akakiweka mezani niwe nakiona ninapofanya kazi.

"Kitambaa hakikurudi hata siku moja, ndugu yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekwenda mbali, na kila nilipozidi kwenda nilijifanyia ile adabu ya wateja. Sasa aliyerudi ni mimi." Kisha akanigeukia. "Mjukuu wangu, mshono ukiufumua kila mara, akiba huisha, na kiraka hakifichi kitu kwa anayejua kushona. Mwili nao ni hivyo. Usiudanganye kama nilivyoudanganya mimi, wala usiukate kwa hasira kama ulivyotaka wewe. Upime kwa ukweli, kisha urekebishe kidogo kidogo, kila siku, hata kama nywele zimeshakuwa nyeupe. Haya, kata. Na usinikatie mfuko."

Nilichora mstari wa kiuno kipya kwa chaki. Aliutazama, akausogeza kidogo kwa ukucha, akatikisa kichwa kukubali. Nikakata. Kilichokatwa kilianguka chini ya meza, na kipande cha pembetatu kikapeperuka nacho. Niliweka mkasi chini ili niviokote, lakini nilipoinama, babu alikuwa ameshaviokota.